Jeki Iliyokufa Kila Asubuhi

Wiki tatu mfululizo jeki ya umeme ya ghala la samaki la Kashikishi, ufukweni mwa ziwa upande wa Zambia, ilikuwa inakufa alfajiri na kufufuka yenyewe saa nne, bila kuguswa na fundi. Fundi wake, Baudouin wa Pweto, ng'ambo ya Kongo, alikuwa anasimuliwa tu. Asubuhi hakuwa anakanyaga pale. Si kwamba bosi alimkataza, hata kidogo. Alijikataza mwenyewe kwa heshima, na heshima hiyo nitaieleza sasa hivi, maana ndiyo iliyotuletea balaa lote.

Kwanza jeki yenyewe. Usiwaze ile ya kuinulia gari. Hii ni toroli ya chuma yenye pembe mbili ndefu zinazoingia chini ya paleti, ile chaga ya mbao ya kupangia mizigo. Ina betri tumboni, gurudumu la kujiendesha, na mpini mrefu wenye kichwa cha vitufe. Unabonyeza, inanyanyua makreti ya samaki na barafu ambayo yangewavunja migongo wanaume sita. Unasukuma kwa kidole gumba, inatembea. Wakongo wa pale waliiita transpaleti, Wazambia wakaiita jeki, na jeki likashinda kwa kuwa jina fupi.

Sasa heshima. Baudouin alimwoa Thelma, msichana wa Nchelenge, na mama yake Thelma, Mama Dorica, ndiye aliyekuwa mkuu wa wanawake wa usafi katika ghala hilohilo. Kwa watu wa hapa, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasalimiani, hawali pamoja, mpaka siku ambayo familia ya mke itapika vyungu kwa vyungu na kumwingiza mkwe nyumbani rasmi. Siku hiyo ilikuwa imeahirishwa mara tatu: mara msiba, mara mvua, mara shangazi wa Mwansabombwe amesusa. Basi miaka mitatu ikapita hivyo. Na usidhani palikuwa na uadui! Walipendana sana hao wawili, ila kwa mbali. Baudouin akimwona mama anakuja njiani, anaingia kwenye nyasi na kugeuza mgongo. Jumapili moja aliingia kwenye matope mpaka magotini, na suruali yake ya kanisani. Mama Dorica, aliyejifunza Kiswahili kwa miaka mingi ya kuuza samaki kwa Wakongo, alizunguka mtaa mzima akijisifu kwamba mkwe wake ndiye mtu hasa.

"Mulimuona mukwe yangu? Ule njo mutu!"

Kwa hiyo walipangiana saa bila kuambiana. Mama Dorica na wenzake walitoka saa kumi na moja jioni. Baudouin aliingia saa kumi na moja na nusu, na begi lake la spana, akiwa ametazama kwanza mlangoni kuhakikisha hakuna kitenge anachokijua.

Kazi ile aliipenda kupita kiasi. Alivuka ziwa kutoka Pweto wakati wa vita na begi hilo tu, akakaa makazi ya wakimbizi ya Mantapala akitengeneza redio na taa za sola, akaja kuparamia injini za mitumbwi ufukweni. Ghala ndilo lilikuwa la kwanza kumpa kazi ya kudumu, ya kujua kwamba mwezi ujao pia ana kazi. Alishaanza hata kujenga kwa matofali ya kuchoma. Na sasa kile chuma kilikuwa kinataka kumrudisha ufukweni.

Bosi wa ghala, Ba Mwaka, alimwita Jumatatu ya mwisho ya Februari. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha.

"Baudouin, mi nakupenda sana," alisema, "lakini samaki haingojaka mapendo. Siku ya posho ziwa inafunguliwa."

Posho ni Jumamosi, na Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe mosi Machi. Miezi mitatu ya marufuku ya uvuvi ghala lilikuwa linajikongoja na kuku wa friji na samaki wa mabwawa, na siku hiyo mitumbwi yote, kuanzia Chienge mpaka kisiwa cha Kilwa humuhumu ziwani, ingerudi alfajiri imejaa. Samaki hawangoji saa nne.

"Ikikufa tena posho asubui," Ba Mwaka aliendelea, "nitaleta fundi wa Kitwe. Nimeisha kusema naye kwa telefone. Ule atakuya na kontra yake ya kazi, na weye utaenda. Usinikasirikie."

"Sikukasirikii, bosi," alijibu Baudouin.

Basi akaivamia jeki kwa hasira. Alianza na betri, kama fundi yeyote mwenye akili zake. Kipimo kikasema imejaa. Akakagua fyuzi, nzima. Kwenye plagi ya betri alikuta kutu ya kijani, kazi ya maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye makreti ya samaki waliotiwa chumvi; akaisugua kwa msasa, akapaka vaselini. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanalia, grisi yote imeondoka. Akayatia grisi mpya. Kilio kikaisha. Kifo kikabaki palepale.

Hénoc, dereva wa jeki, alimpigia simu Jumanne asubuhi. "Imekufa."

"Inasema nini?"

"Inasema tik, tik. Kisha kimya."

Baudouin akajiambia ni jasho la baridi. Mashine ikitoka kwenye chumba cha barafu na kuingia kwenye joto la nje, chuma chake hulowa chenyewe, hilo linajulikana. Akaamuru jeki isilale tena karibu na chumba cha baridi. Wakaisogeza mbali kadiri kamba ya chaja ilivyoruhusu. Jumatano asubuhi simu ikalia, na kabla Hénoc hajasema neno Baudouin alijibu, "Tik, tik?" Hénoc akasema, "Njo vile."

Jioni ya Jumatano alichomoa betri, akatoa skrubu nne, akafungua kichwa cha mpini, pale penye vitufe. Ndani hakukuta jasho. Alikuta povu. Povu jeupe, linalonukia vizuri, limejikunja kwenye swichi ndogondogo kana kwamba limelipa kodi. Alilinusa mara mbili. Barafu haina povu, wala mvua haina, na harufu ile aliifahamu, kwa sababu nguo zake mwenyewe zilifuliwa kwa sabuni hiyohiyo, ambayo mkewe aliletewa na mama yake.

"Hénoc," aliita polepole, "nani anaoshaka hii mashini?"

Hénoc akatazama dari.

"Nakuuliza weye!"

"Mama... ule mama," Hénoc alisema. "Kila siku, saa kumi. Na mupira ya maji, na sabuni, na burashi. Anaisugua mupaka inang'aa. Anasema haiwezi kubeba chakula ya batu na iko chafu."

"Wiki tatu! Juu ya nini hukuniambiaka?"

"Baudouin, ndugu yangu. Nikutajie mama mukwe yako? Mi niko mupumbavu?"

Na kweli, ghala zima lilikuwa linajua. Wapakiaji walijua, mlinzi alijua, mwanamke anayeuza vitumbua mlangoni alijua. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa kuwa kumtaja mama mkwe mbele ya mkwe ni kumvua mtu nguo. Huo ndio wema wa watu wetu, na siku nyingine unachosha.

Baudouin alikausha, akafuta, akafunga. Kisha akaenda nyumbani kumtafuta mjumbe, na mjumbe pekee aliyefaa alikuwa Thelma. Lakini utamwambiaje mama mkwe kwamba usafi wake unaua mashine? Alikaa kwenye kigoda, akafikiri mpaka ugali ukapoa, akatunga maneno ya heshima.

"Ambia mama hivi: mashini inashukuru sana usafi wake. Tangu ifike hapa Zambia haijaona mutu wa usafi sawa yeye. Ila, kama inawezekana, maji ipunguke kidogo."

Thelma alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo 'ila' yako imekuwa mbali sana na mwanzo," alimwambia.

"Njo heshima, Thelma. Peleka vile."

Thelma akapeleka vilevile. Aliposema mashine inashukuru, na kwamba tangu ifike haijaona mtu kama yeye, Mama Dorica aliruka kutoka kwenye mkeka. Mkwe wake amemsifu! Thelma alipofika kwenye "ila", mama alikuwa tayari uani kwa jirani, anatangaza. Alhamisi alikwenda kazini na burashi mpya, na jeki ikaoshwa mara mbili, saa sita na saa kumi. Jioni Baudouin, akiamini ujumbe umefika, hakukifungua tena kichwa cha mpini.

Ijumaa asubuhi haikusema hata tik. Na saa nne haikufufuka.

Baudouin alipopata habari hizo alipiga hesabu. Mbele yake palikuwa na siku moja. Angeweza kumwambia Ba Mwaka ukweli, kwamba ni Mama Dorica, na mama angeondolewa kazi aliyoifanya miaka minane. Angeweza kunyamaza, na fundi wa Kitwe angekuja. Njia ya tatu ilimtoa jasho hata kuifikiria. Akaenda saluni ya Vanessa pale sokoni, akaazima mashine ya kukaushia nywele, akaitia kwenye begi, na saa kumi kamili, mchana kweupe, akaingia ghalani.

Jamani! Wanawake walikuwa kwenye kuosha, maji yanatiririka, nyimbo zimepamba moto. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mama Dorica alikuwa amesimama juu ya jeki na mpira wa maji mkononi. Alimwona, akatupa mpira, akavuta kitenge kichwani, akageukia ukuta. Baudouin naye akageuka upande mwingine, macho kwenye jeki. Aliingiwa na aibu kubwa kuliko siku ya posa. Lakini hakuondoka. Akaweka mkono juu ya mpini ulioloa na kuanza kuongea na mashine.

"We mashini," alisema kwa sauti ya juu, "naomba ruhusa kwako. Ambia mama, hii kichwa yako iko na matundu kidogo-kidogo. Maji inapita pale, na sabuni. Usiku inashuka polepole mupaka kwa swichi, asubui unakufa. Jua ikipanda unakauka, unaamuka. Mama hakujua. Hakuna mutu alimuambia."

Watu wote walikuwa wamesimama na ndoo mikononi. Mlinzi alikuwa ameacha lango. Kisha sauti ikatoka ukutani, chini ya kitenge.

"We mashini, mi nakuosha juu unabeba chakula ya batu. Ambia ule mutu: kama maji inakuua, juu ya nini alinyamaza wiki tatu?"

"Ambia mama, sikujua. Na nilipojua, heshima ilinifunga kinywa."

Maji ya mpira yalikuwa yanamwagika tu sakafuni.

"Ambia ule mutu," Mama Dorica alisema, "heshima ya kuua mashini, hiyo ni ujinga. Yake na yangu."

Hapo ndipo Ba Mwaka alipotokea ofisini. Alikuwa ameshatazama jeki ikiwa imekufa mchana kutwa, na upole wake umekwisha. Aliona maji, aliona povu likichuruzika kutoka kwenye kichwa cha mpini ambacho Baudouin alikuwa anakifungua.

"Kumbe ni maji!" alifoka. "Nani anamwangaka maji kwa mashini yangu? Nataka jina. Ule mutu kesho haingii hapa."

Ba Mwaka alikuwa mgeni kutoka Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba, kwake kuosha kulikuwa kazi ya wengine, hakuwahi kutazama. Baudouin aliufuta mkono wake kwenye suruali.

"Ni mi, bosi."

"Weye? Unakuyaka saa kumi na moja na nusu!"

"Mi njo fundi. Fundi anapashwa kuambia batu namna ya kuchunga mashini. Siku ile inafika sikuambia mutu. Nilikuwa naingia wakati bote banatoka, juu ya mambo yangu. Kosa ni yangu. Kama unafukuza mutu, fukuza mi."

Aliyasema hayo huku akiona kabisa matofali yake yakiota nyasi. Ba Mwaka alifungua mdomo. Lakini kabla hajatoa neno, Mama Dorica aliacha ukuta. Alishusha kitenge kutoka kichwani, akakifunga kiunoni kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kupigana, akatembea juu ya maji mpaka katikati yao.

"Ba Mwaka, ni mi," alisema. "Na mupira, na sabuni, kila siku. Na jana mara mbili." Kisha akafanya jambo ambalo wanawake wote walipiga kelele kuliona. Alimgeukia mkwe wake, uso kwa uso. "Na weye, mwanangu, usibebe kosa yangu. Inua macho, nikuone."

Baudouin akainua macho. Miaka mitatu, na hakuwahi kuuona uso ule wa karibu. Binti yake Plamedie, wa mwaka mmoja na nusu, ana pengo dogo kati ya meno ya mbele na jicho moja linalofumba zaidi kuliko lingine anapotaka kulia, na Baudouin siku zote alikuwa anajiuliza mtoto amevitoa wapi. Vilikuwa pale mbele yake vyote. Akajikuta anacheka na machozi yanamtoka, mbele za watu, na hakujali.

"Mayo," alisema. Ni mama kwa Kibemba, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia.

Ba Mwaka alibaki anawatazama. Katika kazi yake ameona watu wakigombania mshahara, wakigombania zamu, wakigombania hata mabuti. Hajawahi kuona watu wawili wakigombania kufukuzwa. Alijikuna kichwa.

"Kesho saa kumi na mbili asubui," alisema mwishowe. "Ikitembea, munabaki bote mbili. Ikikufa, munaenda bote mbili." Akarudi ofisini, na mlango aliufunga polepole.

Sasa kazi ikaanza. Baudouin alichomoa betri, akakitandaza kichwa cha mpini kwenye kreti safi, akawasha mashine ya Vanessa. Wapakiaji wazima walisimama kutazama jeki ikitengenezwa nywele, wakacheka mpaka wakaketi chini. Mama Dorica hakucheka. Alichuchumaa karibu na mkwe wake, akauliza kila kitu: hii ni nini, ile inafanya nini, hapa nikigusa na kitambaa kikavu ni vibaya? Baudouin alikausha kila swichi, akapuliza dawa ya kusafishia nyaya, akakata tyubu kuukuu ya gari na kushona kofia ya mpira ya kufunika kichwa cha mpini. Sheria ikawekwa: jeki haioshwi kwa mpira tena, inafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, halafu kwa kikavu.

Baudouin akavuta kamba ya chaja aiunganishe na jeki palepale ukutani, mahali pa siku zote.

"Apana," Mama Dorica alisema.

"Nini, mayo?"

"Hii sakafu nimeifagia miaka munane. Inainama. Maji yote ya ghala inakuja kulala hapa, hata ile hatumwangi. Barafu ikiyeyuka usiku, inakuja hapa." Akainama, akaonyesha alama ya maji ukutani, kiganja kizima kutoka chini, na plagi ya chaja ilikuwa chini ya alama hiyo.

Baudouin alipiga magoti akaichomoa, akaigeuza mwangani. Ndani ilikuwa imejaa kutu ya kijani, shaba imebaki nyembamba kama uzi. Wiki nzima alikuwa anahangaika na plagi ya upande wa betri, na hii hakuigeuza hata siku moja, kwa kuwa jioni sakafu ilikuwa imepigwa brashi na kukauka alipoingia. Angefunga kila kitu vizuri, angekwenda kulala, na jeki ingeamka bila nguvu. Alitazama ile plagi, kisha akamtazama mama. Wakabadilisha plagi, wakajenga jukwaa la matofali upande wa juu wa sakafu, chaja ikapanda juu yake.

Jumamosi kabla jua halijatoka ufuko ulikuwa unavuma. Mitumbwi ilishusha samaki wa makobo, wanene, wanaruka bado, na foleni ya makreti ilifika mpaka nje ya lango. Hénoc alisimama kwenye jeki, akaingiza ufunguo, akamtazama Baudouin. Baudouin akamtazama Mama Dorica, ambaye alikuwa amekikumbatia kile kitambaa kikavu kifuani. Ba Mwaka alikuwa mlangoni, saa mkononi.

Hénoc akageuza ufunguo. Taa ikawaka. Akaingiza pembe chini ya paleti ya kwanza, akabonyeza. Jeki ikanguruma, ikanyanyua, ikaondoka, na wanawake wakapiga vigelegele vya kuamsha Kilwa nzima. Paleti ya pili. Ya tano. Kufika ya kumi hakuna aliyekuwa anaitazama tena, watu walikuwa kwenye samaki.

Ba Mwaka akatoa simu mfukoni, akapiga Kitwe, palepale katikati ya makelele, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Fundi, usikuye tena," alisema. "Tuko na fundi yetu hapa. Yuko na mama yake."